Siku Mulima Haikutetemeka

Mi ni tolie. Kwa mutu asiyejua hiyo kazi: ukigonga ukuta na gari ya mukubwa wako, unaniletea mbele hajajua. Mi napiga bati pole pole mpaka inarudi karibu na kwake. Pale inakataa kurudi, napaka mastiki, nangoja ikauke, napiga msasa, napaka rangi. Mukubwa anarudi kutoka Kigali, anazunguka gari yake, haoni kitu. Donc kazi yangu, nikiisema bila kuipamba, ni kuficha. Na naificha vizuri. Kuko bibi wengi hapa Gisenyi hawajui mpaka leo kama bwana yao aligonga mulingoti.

Shule nilifika mwaka ya pili ya sekondari. Watu wanasemaka niliacha shule. Uongo. Shule njo iliniacha, mi nilikuwa bado niko pale nimekaa. Kwa hiyo ukikuta hapa neno imekaa vibaya, usishangae, nayo ilikosa mwalimu.

Naandika juu ya bawa ya kushoto ya ndege moja, na juu ya muzee mwenye alikuwa anaijenga, na juu ya kitu nilimufanyia.

Alikuja garaji na pikapu, mulango imebonyea. Nikaitengeneza, nikapaka, nikamuita aione. Hakuiangalia hata. Alifunga macho, akapitisha vidole kwenye mulango kutoka juu mpaka chini, akasimama fasi moja. Akasema, "Hapa umepaka." Nikasema ndiyo muzee, kidogo. Akasogeza vidole. "Na hapa." Miaka kumi na tano niko tolie, hakuna mutu alikuwa ameshaona mastiki yangu, na huyu aliiona na macho imefungwa. Nilisikia haya kama mutu mwenye suruali imepasuka nyuma kanisani. Akaniuliza kama naweza kunyoosha bati bila kupaka kitu. Nikasema naweza, ila inachukua muda, na wateja wangu wako na haraka juu mukubwa anarudi. Akasema yeye hana haraka.

Akanipeleka kwenye depo moja ya zamani, juu ya barabara. Mbele watu walikuwa wanawekaka mule viazi ya kutoka Kanzenze, na mpaka leo ukifagia sana unatoa udongo yake. Ndani kulikuwa masanduku ya mbao, ndefu, zimepangwa mbili mbili. Majirani walikuwa wanasema ni majeneza. Mama mmoja mwenye anavukaka Goma kila asubuhi na beseni ya nyanya alikuwa anafanya alama ya musalaba akipita pale. Ndani ya masanduku kulikuwa ndege. Vipande vipande, kila kipande na namba yake, na kitabu kinene ya kuonyesha hii inaingia wapi na hii inaingia wapi. Watu kumbe wanauzaka ndege hivyo, kama kitanda ya kufunga mwenyewe.

Muzee alikulia Tanzania, wazazi yake walikimbilia kule. Alikuwa fundi wa ndege maisha yake yote, kule, mpaka akastaafu na kurudi. Kiswahili yake ni ile ya redio. Mi yangu ni ya mupaka, mama yangu ni wa Goma, na siku za kwanza tulikuwa tunazungumza kama watu wawili wanasukuma kabati moja, kila mutu upande yake. Alinieleza kitu moja siku ile ile, na sijaisahau. Alisema maisha yote amefunga mabawa ya ndege za watu. Ndege zinaruka, yeye anabaki chini anafuta mikono. Leseni ya kurusha alishaipata, ya ndege ndogo, lakini ndege hakuwa nayo. Sasa hii ni yake. Iko na viti mbili. Kiti moja yake, na kiti ingine ya bibi yake, mwenye alimuahidi tangu wako vijana kama siku moja atamupandisha, na atakuwa yeye mwenyewe anaishika.

Akasema, "Kwenye ndege hakuna mastiki. Umeelewa, fundi?"

Nikasema nimeelewa.

Bawa ya kuume tuliijenga mwaka muzima na zaidi. Nieleze kidogo namna iko, sitakaa sana. Kuko chuma moja ndefu katikati, kutoka mwanzo mpaka mwisho, muzee anaiita mhimili. Ile njo inabeba yote. Alafu kuko mbavu, bati nyembamba zimekatwa sura ya samaki, zinasimama moja moja kwenye ule mhimili. Kila mbavu iko na matundu kubwa ndani, juu ya kupunguza uzito. Alafu juu na chini unafunika na bati, ile wanaita ngozi. Na yote hii inashikwa na riveti. Bulu ya kukaza na spana haiko, gundi haiko. Riveti tu, maelfu, ndogo kama punje ya mahindi.

Riveti moja inataka watu wawili. Mutu moja anakaa nje na bunduki ya hewa, anapiga kichwa ya riveti. Mwingine ameingiza mukono ndani ya bawa, ameshika kipande ya chuma nzito, anapokea. Riveti inakufa katikati, mukia yake inajipanua, inashika. Lakini wa nje haoni mukia, na wa ndani haoni kichwa. Bati iko katikati yenu kama ukuta ya ungamo. Kwa hiyo munazungumza na vidole. Mimi wa ndani nikishapokea, naangalia mukia na tochi, alafu nagonga bati. Moja: piga tena. Mbili: iko nzuri, endelea. Tatu: imeharibika, itolewe.

Muzee alinifundisha hiyo siku ya kwanza kabisa na akanifanya nirudie kama katekisimu.

Na ile bawa ya kuume, walahi, ilikuwa muzuri. Muzee alikuwa anapiga riveti kama mutu anasali rozari, trrr, trrr, na mi nagonga mbili, mbili, mbili. Siku ingine tunafanya masaa mbili bila kusema neno. Mimi! Watu wa garaji hawakuamini. Mi nasemaka hata nikiwa napiga mswaki. Lakini mule ndani, nimelala chini ya bawa, mukono umeingia mpaka kwa bega, nilikuwa nanyamaza na nasikia vizuri. Sijui kama umeshafanya kazi yenye haifichi kitu. Mi ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa narudi nyumbani na mikono inanuka aluminyo na natembea kama mutu amepata diploma.

Tukaanza ya kushoto.

Sasa lazima mujue kitu moja ya huku kwetu. Mulima ya Goma iko pale, kila mutu anaiona, usiku iko nyekundu juu. Na ardhi ya hapa inatetemekaka. Siku zingine unakunywa chai na chai inakuonyesha mistari. Tumezoea. Tumezoea mpaka tumeifanya kuwa mutu wa familia mwenye anabeba makosa ya wengine. Sahani ikikuponyoka jikoni, unasema mulima. Msumari imeingia bila kunyooka, mulima. Binamu yangu aligonga mbuzi ya watu na moto, pikipiki yake, akasema mulima ilitikisa barabara. Na custom yetu ni kwamba mutu akisema mulima, hauulizi. Unasema "eeh, nimesikia", na mambo inaisha. Ni adabu. Kesho itakuwa wewe.

Mustari ya pili ya bawa ya kushoto, bunduki iliteleza. Nilisikia sauti yake ndani, kama kijiko kwenye meno. Mukia ya riveti ikalala upande. Muzee kule nje akasema, "Umesikia? Mlima huo."

Nilikuwa nimelala kwenye simenti. Mugongo yote iko chini. Kama ardhi ingetetemeka hata kidogo, mi njo ningekuwa mutu wa kwanza kujua katika wilaya yote.

Nikasema, "Eeh muzee, nimesikia."

Na nikagonga mbili.

Nilitoka, nikaona mukono yake. Ile ya kuume. Alikuwa ameishika na ya kushoto, namna unashika kuku umetoka kuinunua. Hakuniangalia, na mi nikajifanya natafuta kitambaa. Kwenye bati, pembeni ya kichwa ya riveti, kulikuwa alama kama kucha, kama mwezi ya siku ya kwanza. Imekata.

Kesho yake nilifika mapema, mbele yeye hajafika. Nilikuwa nimebeba mastiki ndani ya mufuko, kidogo, kama mutu anabeba pombe ya kienyeji. Nikapaka ile alama, nikangoja, nikapiga msasa ya maji, nikapitisha ile rangi ya kijani ya kukinga kutu yenye tunapakaka kwenye bati. Muzee akaja. Akapitisha vidole kama desturi. Vidole ikapita. Haikusimama.

Ningetaka kusema nilisikia vibaya. Ukweli, nilijivuna. Nilisema moyoni, muzee, leo nimekushinda.

Ikaendelea hivyo. Siku zingine mukono yake ilikuwa inakaa sawa, tunafanya riveti arobaini safi. Siku zingine inateleza mbili, tatu. Kila mara alisema mulima, na kila mara nilisema nimesikia. Nagonga mbili. Asubuhi napaka. Nilikuwa najiambia ni heshima. Huwezi kumuambia mutu mukubwa, mwenye amefunga mabawa miaka arobaini, kama mukono yake imeisha. Kwetu huwezi. Unamuambia vipi? Unaanzia wapi? Nilikuwa na sababu ingine pia, ndogo na chafu kidogo, na nitaisema juu niko naandika peke yangu: nilikuwa naogopa kwamba mukono ikiisha, kazi itaisha, na mi nitarudi kwa mamudigadi na wakubwa wenye wanarudi kutoka Kigali.

Bibi yake alikuwa anakuja saa sita na chakula. Mama mutaratibu, mufupi, kitambaa imefungwa vizuri. Hakuwa anapenda ile ndege. Alikuwa anaizunguka namna unazunguka mbwa ya jirani. Muzee alikuwa anamutania kwamba ameolewa na fundi wa ndege miaka yote na bado anaogopa ngazi ya kanisa, na yeye anajibu kwamba kanisa angalau haijaanguka na yeye ndani.

Siku moja muzee alikuwa ametoka nje kupokea simu. Mama akasimama karibu na bawa ya kushoto, akaweka mukono juu, pole pole, kama kwenye paji ya mutu mugonjwa. Akaniambia kama amekubali. Amemwambia muzee jana kwamba atapanda, mara moja, ili ahadi iishe.

Alafu akaniuliza, "Fundi, wewe ungepanda?"

Nikacheka. Nikasema mimi mama naogopa hata moto yenye inaenda haraka, mimi ndege nitaiangalia kutoka chini na miwani. Alingoja nimalize. Hakucheka.

"Sijauliza kama unaogopa. Mimi naogopa. Nimeuliza kama hili bawa, unavyolijua wewe, ungelikalia."

Muzee akarudi, akasema chakula inapoa. Nilikula na sikujua nakula nini.

Mchana tukarudi kazini. Mustari ya tatu, ngozi ya juu. Nikaingia chini, nikaingiza mukono kupitia matundu ya mbavu, nikaweka chuma kwenye mukia ya riveti. Ya kwanza, nzuri. Mbili. Ya pili, nzuri. Mbili. Ya tatu bunduki ikaruka. Nikasikia ile kijiko kwenye meno. Nikawasha tochi, mukia ilikuwa imelala kama mulevi kwenye mufereji.

"Mlima huo," muzee akasema.

Nikagonga mara ya kwanza. Nikagonga mara ya pili. Kidole yangu ikabaki hewani, na sitadanganya, ilibaki muda. Alafu nikagonga ya tatu.

Kompresa ikajiwasha yenyewe kujaza hewa, na hiyo mashine iko na kelele ya lori. Hatukuweza kusema kitu. Tukangoja, yeye juu, mimi chini, mpaka ikajaa na ikazima. Ilikuwa ndefu kuliko misa.

"Umegonga tatu," akasema.

"Ndiyo muzee."

"Mlima ulitikisika. Hukusikia?"

Nilimuona miguu tu, chini ya bawa. Viatu yake ilikuwa imepigwa rangi, kama kila siku.

"Hapana muzee. Mulima haikutetemeka."

Miguu haikusogea. Nikaona mpira ya bunduki inashuka, na bunduki inawekwa chini kwenye kitambaa, pole, namna unalaza mutoto.

"Na siku zile nyingine?"

"Zile pia hapana."

"Lakini uligonga mbili."

"Nilidanganya, muzee."

Akaniambia nitoke. Nilitoka, nikasimama mbele yake na vumbi kwenye nywele. Akauliza ni ngapi. Nikasema kumi na tisa, na hii ya leo ishirini. Sikuwa nimeandika popote, lakini mastiki yako unaijua kama unavyojua madeni yako. Akasema nionyeshe. Nikachukua kisu na kitambaa yenye tina ya kuyeyusha rangi, nikaanza kukwangua. Rangi ya kijani inatoka, mastiki inatoka, na chini yake zile kucha, moja moja, zinatoka kwenye mwanga. Yeye alikuwa ananifuata nyuma. Kila nikifungua moja, anaweka kidole ndani yake. Kwa ile ya kumi hivi, alinishika mukono nisimame.

"Ulinihurumia."

"Nilikuheshimu, muzee."

"Yule mama," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "angekwenda kukaa juu ya heshima yako. Huko hewani. Na mimi pembeni yake, namwambia asiogope."

Sikuwa na utani. Niliutafuta, nakwambia ukweli, mi nikishikwa vibaya natafutaka utani kama mutu anatafuta funguo, na mufuko ilikuwa tupu.

Alafu akasema kitu sikutegemea. Akasema yeye naye alidanganya. Alijua ardhi iko kimya. Alikuwa anasema mlima, na nikisema nimesikia, alikuwa anapata usingizi ile siku. Alisema hivi na ameangalia ile bati, haniangalii mimi. Tulikuwa tumeshikana, watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, kuficha kitu kimoja, na katikati bawa njo ilikuwa inalipa.

Bati yote ya juu ilitoka. Huwezi kutoa riveti ishirini na kuacha zile alama, alama njo inaanza ufa, na ufa kwenye bawa haina haraka, inangoja siku uko juu. Tuliagiza bati ingine, ikachukua karibu miezi tatu kufika. Kazi ya kutoboa vichwa ya riveti na kuzisukuma zitoke ilichukua wiki muzima, na niliifanya mimi. Zile nzuri pia zilitoka, za arobaini safi, juu zilikuwa kwenye bati ile ile. Zile njo ziliniuma zaidi. Kila moja ilikuwa inaanguka ndani ya kopo, ting, na muzee amekaa kwenye kiti ya plastiki, anasikiliza.

Siku ya mwisho ya kutoa, akaniomba nifungue kaye, daftari ya kazi. Mujenzi wa ndege lazima aandike kila siku amefanya nini, na mukaguzi anaisoma, anaweka saini, mbele bawa haijafungwa kabisa. Muzee njo alikuwa anaandikaka. Nilifungua, nikaona kurasa za bawa ya kuume, mwandiko ndogo, imesimama sawa kama askari. Alafu nikafunua za bawa ya kushoto. Zile herufi zilikuwa zinatembea. Zinapanda mustari, zinashuka, kama sisimizi mwenye amekanyagiwa njia. Alikuwa ameandika hivyo miezi yote, na mi nilikuwa nakaa mita moja naye na sikuangalia.

Akasema kuanzia leo nitaandika mimi. Nikamukumbusha kuhusu mwaka ya pili ya sekondari. Akasema ukaguzi si mtihani wa imla. Nikashika bic. Akanisomea, na mi nikaandika: ngozi ya juu, bawa ya kushoto, imetolewa yote. Riveti ishirini mbaya. Mastiki imekutwa, imetolewa. Sababu. Mi nikainua bic, nikangoja. Nikamuambia, muzee, tunaweza kuandika tetemeko. Mukaguzi anatoka Kigali, hajui siku gani ilitetemeka na siku gani haikutetemeka. Niliona kama natoa musaada. Mutu hajifunzi.

"Andika: mkono wa mjenzi," akasema.

Niliandika. Mi ninaandikaka vibaya, lakini ile maneno tatu niliiandika pole pole na iko safi, hata leo ukiifungua utaona.

Bibi yake, muzee njo alimwambia mwenyewe, ile ile mchana, mbele yangu. Ningependa kutoka nje lakini alinikataza. Alimwambia kwa maneno mafupi. Kwamba hatashika bunduki tena, na kwamba mukono wenye hauwezi kushika bunduki ya riveti hauwezi kushika usukani wa ndege. Ndege itaisha, itapata rubani mwingine. Kiti ya pili iko ya kwake bado, kama anaitaka, lakini pembeni yake hatakuwa yeye.

Mama alikuwa anafunga masahani kwenye kitambaa. Akaifunga mpaka mwisho, fundo mbili. Akasema, "Mimi sikukubali kupanda ndege. Nilikubali kupanda na wewe."

Muzee akasema anajua.

"Basi."

Walikaa hivyo. Nje mutu alikuwa anapiga honi ya moto, anaita muteja. Sijawahi kuona watu wawili wanapoteza kitu kimoja kwa kimya vile. Kwetu kwenye msiba kuko kelele, kuko watu wanakuja na sukari. Hapa hapakuwa na mutu wa kuleta sukari. Nilisimama pale na kaye mukononi kama mwanafunzi amefukuzwa.

Bati mupya ilipofika, mi nikachukua bunduki. Wa kupokea ndani hatukuwa naye. Nilitaja tolie mmoja wa garaji, muzee akauliza kama anajua kugonga tatu. Nilifikiri kweli, nikasema hapana. Mama, mwenye alikuwa ameleta chakula, akauliza hiyo chuma inashikwa vipi. Tulifikiri anauliza tu. Akavua viatu, akafunga kitenge vizuri, akaketi chini ya bawa na kuingiza mukono. Yeye hakuwa na heshima yoyote na mimi. Siku ya kwanza alinigongea tatu mara kumi na moja. Mara moja nikasema, mama, ile ilikuwa nzuri kabisa. Akajibu kutoka chini kwamba yeye njo anaona mukia, mimi niangalie kichwa. Muzee kwenye kiti yake alikuwa na sikio tu. Alikuwa anajua kwa sauti, mbele mama hajagonga. Nikipiga vibaya alikuwa anapumua, hivi, na pua.

Kama mama atapanda, sijui. Hatuzungumzi hiyo. Mwili ya ndege bado iko kwenye masanduku, itachukua mwaka ingine, pengine mbili.

Mukaguzi alikuja wiki iliyopita kuangalia bawa ya kushoto mbele hatujafunga bati ya mwisho. Kijana wa miwani, mwenye adabu, viatu safi sana kwa depo ya viazi. Aliangalia ndani na kioo ndogo yenye iko kwenye kijiti, akaangalia mbavu, akaangalia mhimili. Alafu akaketi na kaye. Alisoma muda. Mi nilikuwa natoka jasho kama nimeiba. Akafika kwenye ile ukurasa, nikaona kidole yake imesimama.

Akasoma kwa sauti, "Sababu: mkono wa mjenzi." Akainua macho. Aliangalia mimi kwanza, na mikono yangu ya tolie, nyeusi, na makovu yote. Kila mutu angefikiri ni mimi. Mi mwenyewe nilikuwa tayari kusema ni mimi, neno ilikuwa imeshafika kwenye meno, na mama chini ya bawa alinivuta suruali.

"Mjenzi ni nani?" mukaguzi akauliza.

Muzee alisimama kutoka kwenye kiti ya plastiki. Akainua mukono ya kuume, juu, mbele ya uso yake, na hakuishika na ile ingine. Aliiacha itetemeke pale ilivyotaka, na sisi wote tunaiangalia.

"Ni mimi," akasema.

Mukaguzi alisimama pia. Sijui kama ndiyo desturi yao. Alimpa mukono, akaishika ile ya muzee muda kidogo, ikatulia ndani ya yake, alafu akaiacha, akaomba bic.